Mwizi Aliyempikia Mbuzi Uji

"Kwa miaka thelathini na mmoja niliyosimama kwa geti ya kiwanda," Wayua alisema, akipaka mkate siagi, "hakuna mwanamke aliyenipita na kitu ndani ya nguo. Hata kipande cha uzi."

Akanywa chai kwanza.

"Haya, kuna yule alinipita na mapazia ya ofisi ya meneja. Na kuna mwingine akapita na meneja mwenyewe. Lakini hao ni wawili tu."

Dianah alicheka mpaka akashika kifua, maana daktari alimwambia presha haitaki mchezo. Mwanamisi alicheka huku akivuta shanga za tasbihi yake moja moja. Katunge hakucheka. Katunge alikuwa anakula mayai, na siku hiyo aliyala kwa bidii kama mtu aliyetumwa.

Ilikuwa Jumapili ya wikendi ya sikukuu ya Mashujaa, na hawa wanne walikuwa wamekodi nyumba ya vyumba vitatu huko Murera, katikati ya ploti za watu na mashamba ya watu. Walijuana tangu wasichana, katika kiwanda kimoja cha nguo cha Thika ambacho sasa ni godauni ya mbolea. Watatu walikuwa kwenye mitambo ya kufuma. Wayua alikuwa getini, na kazi yake ilikuwa kuwapapasa wakitoka, asije mtu akaenda nyumbani na shuka tumboni. Urafiki ulianzia hapo. Ukimpapasa mtu kila jioni kwa miaka thelathini na mmoja, mtafichana nini tena? Kiwanda kilipofungwa, waliapa kwamba kila Mashujaa watatoka pamoja, na mwaka huu waliapa zaidi: watakula mbuzi mzima.

"Shosho!" Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. "Shosho, kujeni! Mbuzi hayuko!"

Aliyewaita hivyo, kama nyanya zake, ni Chege, mtunza nyumba, kijana mwembamba aliyekaa katika chumba cha uani na mkewe na mtoto wa wiki tano. Wanawake wote wanne walitoka. Kigingi kilikuwepo. Kamba ilikuwepo. Mbuzi ndiye aliyekosekana.

"Mlimwona lini mara ya mwisho?" Wayua aliuliza.

"Mimi jana saa moja jioni, nikimpea maji," Chege alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Shosho, lazima nipigie mwenye nyumba. Ameniambia kitu ya mgeni ikipotea nimwambie saa hiyo hiyo."

"Si usubiri kidogo tutafute?" Katunge alisema.

"Akisikia kwa mtu mwingine itakuwa mbaya zaidi."

Akapiga. Mwenye nyumba aliitwa Gerishon, aliishi Ruiru, na sauti yake ilitoka kwenye simu kama ya mtu anayeongea na ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Chege, hii ni mara ya pili. Pasaka ilikuwa jiko ya gesi. Mimi naingia kanisa saa hii. Nikifika hapo saa tano, nataka funguo kwa meza na nguo zako kwa gunia. Wewe na familia yako."

Simu ikakatika. Kutoka chumba cha uani mtoto alianza kulia, na mama yake akamwimbia polepole, maana alikuwa amesikia kila neno.

Wayua aliangalia saa yake. Saa mbili na nusu.

"Rudini ndani mmalize chai," aliwaambia wenzake. "Msiguse kitu. Na msianze kuhukumu mtu kabla sijarudi. Nawajua."

* * *

Alianza na kamba. Haikukatwa. Ilifunguliwa vizuri, ikakunjwa mara tatu, ikawekwa juu ya kigingi isiloe umande. Wayua alikuwa ameona wizi mwingi maishani, lakini mwizi wa kukunja kamba hakuwahi kumwona.

Kando ya kigingi kulikuwa na beseni la plastiki la jikoni. Alipitisha kidole ndani yake, akakinusa, akakilamba.

"Uji," alisema.

"Wa nini?" Chege aliuliza.

"Wa wimbi. Na chumvi." Akalamba tena. "Chumvi imezidi kidogo. Mtu alimpikia mbuzi uji kabla ya kumwiba, Chege. Wewe hapa kwako mna wimbi?"

"Hatuna, shosho. Sisi ni unga ya ugali tu."

Wimbi ulikuwa wa Dianah. Alikuja nao kutoka Ruiru kwa mwanawe, pakiti nzima, maana ndio kiamsha kinywa alichoruhusiwa na daktari. Na nyama pia daktari alimkataza. Ijumaa, mbuzi alipopakiwa kwenye gari la probox, Dianah ndiye aliyesema, "Sawa, kuleni, mimi nitawaangalia kama mtoto wa jirani." Wayua aliweka hilo akilini bila kulisema.

Alifuata mavi ya mbuzi. Yalikuwa yameanguka moja moja kama shanga, mpaka kwenye fensi ya nyuma, na hapo yakapitia mahali waya mbili za chini zilipokuwa zimefunguliwa. Zilifunguliwa, halafu zikafungwa tena. Chege aliporekebisha fensi alisokota waya kwa koleo; kila kiraka kilikuwa na mkia mfupi unaochoma. Hiki kimoja kilifungwa kwa kamba nyembamba ya manila, ile ile iliyofunga magodoro yao juu ya gari.

Wayua alichuchumaa. Magoti yake yalilalamika, akayaambia yanyamaze.

"Njoo uone. Hiki kifundo kiko upande gani wa fensi?"

"Upande wetu, shosho."

"Kwa hivyo aliyekifunga alikuwa wapi?"

Chege alifikiria. "Ndani. Alitoka na mbuzi, akarudi bila yeye, akafunga akiwa ndani."

"Akalala wapi?"

Chege aliangalia nyumba, halafu akaangalia chumba chake mwenyewe, halafu akaangalia chini. Ng'ambo ya fensi, mavi yalifika mpaka barabara ya murramu, na hapo lori la maji lilikuwa limepita na kusaga ushahidi wote. Nyumba za karibu zilikuwa zimefungwa. Jumapili, kila mtu kanisani. Kwenye udongo laini kulikuwa na alama za malapa. Wayua alifurahi kwa muda wa pumzi moja, halafu akakumbuka kwamba nyumba iliwapa wageni wote malapa ya aina moja, na kwamba hata yeye alikuwa ameyavaa.

"Sasa wewe," alimwambia Chege. "Viatu vyako vina matope mabichi. Matope ya hapa ni mekundu. Hayo ni meusi. Ulienda wapi asubuhi?"

"Sijatoka kwa geti, shosho."

"Chege. Nimepapasa wanawake elfu moja kwa siku. Wewe ni mmoja."

Kijana alitazama nyuma, kuelekea chumba chake, akashusha sauti. "Nilienda Witeithie saa kumi na mbili. Mtoto alilia usiku mzima, tumbo. Nikanunua dawa kwa duka ya dawa." Akatoa chupa ndogo mfukoni, imepungua kidogo tu. "Gerishon amenikataza kuacha geti. Ukimwambia, hata mbuzi akipatikana nitaenda."

"Uliporudi, mbuzi alikuwepo?"

"Sikuangalia. Nilikimbilia mtoto."

Wayua alimrudishia chupa. "Futa hayo matope," alisema. "Mimi macho yangu ni ya zamani, huona vitu halafu husahau."

* * *

Saa tatu na robo alifika Yahya, mwana wa Mwanamisi, mchinjaji wa Makongeni. Yeye ndiye aliyekuwa achinje, kama alivyofanya kila mwaka, ili Mwanamisi naye ale bila shaka moyoni. Wenzake walizoea hivyo miaka yote, hata Mwanamisi akiwa hayupo walimwita Yahya tu. Alikuwa na kisu kilichofungwa kwa gazeti, na aliposikia habari akakiweka chini kama mgeni aliyekuta harusi imeahirishwa.

"Kwani Mama Wayua unaniangalia hivyo kwa nini?" aliuliza, akicheka. "Mama, mwambie rafiki yako mimi ndio nimefika saa hii."

"Najua umefika saa hii," Wayua alisema. "Injini ya pikipiki yako bado inachoma. Nataka tu uniambie, mbuzi ulimwona Ijumaa?"

"Nilimwona mkipakia. Nilitaka kumshika nijue kilo. Mama Katunge akanipiga mkono." Akaigiza sauti ya Katunge, nene, ya Ukambani. "'Wewe kijana, mimi nimejua mbuzi kabla mamako hajajua babako. Huyu amenona! Hilo tumbo lote ni mafuta!'"

"Ndivyo nilivyosema," Katunge alijibu kutoka mlangoni. "Na sasa wezi wa barabarani wamekula mafuta yetu. Basi. Kwani maharagwe si chakula? Tupike maharagwe, tusahau."

Wayua alimtazama. Jana usiku mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele ya kioo akitangaza kwamba mguu wa nyuma, wa kulia, ni wake, na atakayeugusa atajua hajui.

"Maharagwe yanachelewa kuiva," alisema.

"Tuna siku nzima."

"Chege hana siku nzima."

Katunge aligeuka akaingia jikoni, na sufuria zikaanza kugongana.

Dianah alimvuta Wayua kando, karibu na tangi la maji. "Najua unafikiria ni mimi," alinong'ona. "Uji ni wangu. Nyama sili. Hata mimi ningekuwa wewe ningenikamata."

"Pakiti yako uliifungua lini?"

"Sijaifungua! Jana nilikunywa chai tu. Leo nimeamka nikaikuta imefunguliwa na imefungwa na kibanio cha nguo. Nikadhani ni wewe, maana wewe huwa unadokoa."

"Mimi hudokoa sukari. Wimbi ni wa wagonjwa." Wayua alikuna kidevu. "Kwa nini hukusema?"

"Umesema tusihukumu mtu."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuudhi.

* * *

Gerishon alinaswa na foleni Ruiru, kwa hivyo alifika saa tano na nusu badala ya saa tano, na hasira yake ilikuwa imepata nusu saa zaidi ya kuiva. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Aliwasalimu akina mama kwa heshima, mmoja mmoja, akauliza hali zao, halafu akamgeukia Chege bila kumsalimu.

Funguo zilikuwa mezani tayari. Gunia lilikuwa mlangoni, na juu yake kijiblanketi cha mtoto. Mke wa Chege alisimama uani na mtoto mgongoni.

"Mama, mbuzi wenu nitawalipa," Gerishon alisema. "Mimi sitaki jina baya. Na huyu anaenda leo."

"Mwanangu, keti," Wayua alisema. "Umetoka kanisani, huna haraka ya dhambi. Nipe dakika kumi. Baada ya hapo ukitaka utufukuze sote."

Gerishon aliketi. Ni vigumu kumkatalia mwanamke mzee aliyeshika mkate.

Wayua aliweka juu ya meza kipande cha kamba ya manila. Kilikuwa na kifundo katikati, kidogo, bapa, kimekazwa mpaka hakina hata pa kuingiza kucha.

"Hiki nimekitoa kwa fensi yako," alimwambia. "Mwizi alitoa mbuzi, akarudi, akafunga fensi kwa ndani. Kwa hivyo hakutoka barabarani. Alimpikia mbuzi uji wa chumvi. Kwa hivyo hakuwa na njaa ya nyama. Na kifundo alichofunga, Chege hawezi kukifunga hata umpe mwaka mzima. Mpe."

Chege alipewa kamba mbili. Alizisokota, akazivuta, kikatoka kitu kama ngumi ya mtoto.

"Hiki bapa ni kifundo cha kiwandani," Wayua aliendelea. "Uzi ukikatika kwenye mtambo, unaufunga kwa vidole viwili kabla msimamizi hajageuka. Fundo likiwa kubwa, linanaswa, nguo inaharibika, unakatwa mshahara. Hawa watatu walikifunga mara mia tatu kwa shifti. Mimi siwezi. Mimi nilikuwa getini."

Mwanamisi aliacha kuvuta shanga. "Wayua, unasema ni mmoja wetu?"

"Kamba inasema. Mimi ninaisomea tu."

"Nifungieni," alisema, na akawapa kila mmoja vipande viwili. "Kila mmoja kimoja. Basi."

Mwanamisi aliziweka kamba juu ya kidole gumba, akapitisha, akavuta, akang'ata ncha. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Dianah hata hakuangalia mikono yake; alikuwa anamwambia Gerishon kwamba mwanawe naye anajenga kule Ruiru, karibu na baipasi, na kufika "baipasi" kifundo kilikuwa kimekwisha, kidogo, bapa, mezani.

Katunge alishika kamba zake mbali na kifua, kama mtu aliyepewa nyoka kwa mkia. Akapitisha hii juu ya ile. Akaifungua. Akaanza upya. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mikono imezeeka," alisema. "Hii baridi ya Murera inaingia kwa vidole. Na mimi, kusema ukweli, nilishasahau. Tangu kiwanda kifungwe sijawahi kufunga hicho kifundo tena. Hata siku moja."

Aliweka mezani fundo kubwa la kufungia gunia la makaa.

Gerishon alilitazama fundo hilo kubwa, akatazama yale mawili madogo. "Basi si huyu," alisema. "Ni mmoja wa hawa wawili."

"Mwanangu," Wayua alisema, "wewe hukuwahi kusimama getini. Asiye na kitu ndani ya nguo hutembea tu, kama kila siku. Mwenye kitu ndiye husahau vile miguu yake hutembea." Akanyoosha mkono. "Mama Yahya, niazime tasbihi."

Mwanamisi alimpa polepole. Wayua aliizungusha, shanga baada ya shanga, mpaka akafika mahali uzi ulipokuwa na rangi mpya. Akaiweka mezani, kando ya kamba ya fensi. Kifundo kidogo, bapa. Kando ya kifundo kidogo, bapa.

"Hii ilikatika lini?"

"Ijumaa," Mwanamisi alisema. "Kwa gari. Shanga zikamwagika kwa viti."

"Ikaungwa na nani?"

Mwanamisi hakutaka kusema. Alimwangalia Katunge kwa upole kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusema. Ni Dianah aliyesema.

"Wewe, Katunge. Mbuzi alikuwa amelaza kichwa kwa paja lako. Uliifunga kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa juu ya mbuzi, na hatukuwa tumefika hata Witeithie."

Uani, mtoto alipiga mwayo mdogo wenye sauti.

Katunge aliangalia gunia mlangoni, na kijiblanketi juu yake. Akanyoosha mkono wake uliozeeka, ule usiojua tena kufunga kifundo, akachukua funguo mezani. Alisimama, akavuka chumba, akazitia mkononi mwa Chege, akamkunjia vidole juu yake.

"Yuko kwa jirani, Mzee Mbuvi, nyumba ya tatu ng'ambo ya barabara, nyuma ya zizi la ng'ombe," alisema bila kugeuka. "Nimemwambia nitamchukua Jumanne. Nilikuwa nikufungulie mdomo, kijana, haki ya Mungu, nikifikiria nitasema nikimaliza chai, nikimaliza mayai, nikimaliza kuosha vyombo..."

"Lakini kwa nini, mama?" Gerishon aliuliza. "Mbuzi ni wenu!"

Katunge alikaza shingo. Wezi wote wa kiwanda Wayua aliwajua kwa shingo hiyo.

"Niliamka alfajiri nimsalimie. Nikaweka mkono tumboni." Akaonyesha kwa kiganja. "Ana mtoto ndani. Wawili, nafikiri. Nikampikia uji, kama mjamzito yeyote. Yahya angefungua tumbo hilo mbele yenu nyote, na mimi nimewaambia nimejua mbuzi kabla yeye hajazaliwa."

Yahya alifunika uso kwa gazeti la kisu chake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Katunge," Dianah alisema, akishika kifua tayari, "ulituambia ni mafuta."

"Ni mafuta."

"Mafuta gani yanapiga teke?"